Ala Kwanza, Makali Baadaye

Mnunuzi wa kisu huanza kukisoma mahali ambapo si mwanzo wake. Akifika kwenye meza ya mhunzi hupitisha kidole gumba kwenye makali, hukiinua kisu kwenye mwanga aone kama bapa limenyooka, kisha huuliza bei. Ala huja mwisho, tena hudaiwa iwe nyongeza ya bure. Mhunzi naye anamjua mteja wake, kwa hiyo bidii yote anaitia kwenye chuma, na ala anaikata haraka haraka kutoka mabaki ya ngozi ya viatu au kipande cha bomba la plastiki lililopashwa moto.

Napendekeza tusome kinyume chake. Kwa mtu anayebeba kisu kidogo kazini kwa ajili ya kujikinga, awe soja wa kiwanda cha kahawa upande wa Runyenjes, mlinzi wa shamba la makadamia Imenti, au mtu anayekesha shambani pa miraa Igembe, sehemu ya kisu yenye kazi kubwa kuliko zote ni ala. Bapa litatoka mara chache, na heri lisitoke kabisa. Ala iko zamu usiku kucha. Inasomwa na mwajiri, inasomwa na jirani anayerudi kwake saa nne, inasomwa na polisi wa doria. Mambo yakiharibika itasomwa na hakimu. Watu wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya walilielewa jambo hili kabla ya kampuni za ulinzi kuzaliwa, na ushahidi wao ni sime.

Sime ni upanga mfupi unaokata pande zote mbili. Ni silaha ya eneo zima: ya Wamaasai, Wakikuyu, Wakamba, Wambeere, Waembu, Watharaka na Wameru, na ijapokuwa kila mhunzi ana mkono wake, muundo hauchanganyiki na wa silaha nyingine. Tuitazame kwanza ikiwa kiunoni, kabla haijachomolewa, kwa sababu ndivyo watu wengi walivyoijua maisha yao yote.

Kinachogonga jicho ni rangi. Ala ya sime nzuri ni nyekundu. Ndani yake mna vibao viwili vyembamba vya mti vilivyochongwa kufuata bapa, vikavishwa ngozi ikiwa bado mbichi na yenye maji, ikashonwa. Ngozi inapokauka hujivuta ikavibana vibao mpaka msharasi hauna pa kupenya. Halafu inapakwa rangi. Hakuna mtu anayetaka kuficha kitu akakipaka nyekundu. Aliyebuni ala hii alitaka ionwe kutoka ng'ambo ya bonde, na alitaka anayeiona awe na muda wa kuamua kama anaendelea kuja au anageuza njia.

Halafu kuna mahali inapovaliwa. Sime hukaa kiunoni upande wa kulia, ingawa mkono unaoichomoa nao ni wa kulia. Aliyezoea filamu za Ulaya, ambamo upanga hutolewa kwa kuvuka mwili kutoka kushoto, ataona mpangilio huu umekosewa. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa na ngao, na ngao pana ya ngozi ingegongana na mpini kila hatua. Askari wa miguu wa Roma, ambaye pia alibeba ngao kubwa, alivaa upanga wake mfupi upande huo huo. Umbo la sime, basi, halikamiliki mpaka ulisome pamoja na vitu ambavyo leo havipo: ngao mkononi na mkuki. Mkuki ndio uliokuwa silaha ya kwanza. Sime ilibaki pale mkuki ulipokwisha kurushwa au kuvunjika. Ilitungwa iwe ya pili, na nafasi hiyo ya pili ndiyo iliyoipa ufupi wake na wepesi wake.

Sasa tuichomoe. Bapa huanza jembamba karibu na mpini, likapanuka taratibu, na upana wake mkubwa uko karibu na mwisho, kabla ya kujikusanya ghafla kuwa ncha. Katikati mna mshipa uliotuna, unaokwenda kutoka mpinini hadi nchani. Mshipa huo ni jibu la mhunzi kwa uhaba. Katika nchi hizi chuma kilipatikana kwa kuosha mchanga mweusi wa mito na kuuyeyusha kwa makaa na mvukuto wa ngozi, kazi ndefu kwa donge dogo. Baadaye ukaja waya wa chuma wa misafara ya pwani. Mtu mwenye chuma kidogo anayetaka bapa refu lisilopinda hukusanya unene mahali pamoja, katikati, na kuyaacha makali yawe membamba. Uzito uliosukumwa mbele nao huifanya sime ikate kwa kuangushwa. Chombo hiki hakikutungwa kwa ajili ya kuchoma.

Upana ule wa mbele unazaa tatizo linalonivutia mimi kuliko yote. Bapa lililo pana mwishoni lazima lipite mdomoni mwa ala na upana wake wote, kisha ibaki pale sehemu nyembamba. Maana yake mdomo hauwezi kulishika. Kisu cha jikoni, ambacho upana wake uko karibu na mpini, hujikaza chenyewe kadiri kinavyozama. Sime kadiri inavyozama ndivyo mdomo unavyopwaya. Ala ya ngozi tupu ingeimwaga njiani mbebaji akianza kukimbia. Hapo ndipo vibao vinapopata maana. Vinabana bapa kwa ubavu, juu ya mshipa wake, urefu mzima. Kwa hiyo si kweli kwamba mhunzi alimaliza sime, kisha mtu mwingine akaitafutia nguo. Bapa la namna ile lisingebebeka bila ala ya namna ile. Vyote viwili ni wazo moja, na anayenunua sime bila ala amenunua nusu ya utungo.

Mpini siusifu. Ni mwembamba, umevikwa ngozi, hauna kikingio cha vidole. Wapo wanaoupenda kwa wepesi wake, na kweli mkononi hauchoshi. Lakini ngozi ikilowa huteleza, na hakuna kinachozuia kiganja kusogea hadi kwenye makali. Utetezi wake ni kwamba mtu anayekata kwa kuangusha mkono wake hauvutwi mbele, na kwamba kikingio kingezuia mpini kukaa vizuri mdomoni mwa ala. Utetezi huo naukubali kwa shingo upande. Hata kazi nzuri huwa na mshororo uliopungukiwa mizani.

Na aliyeivaa ni nani? Kijana wa rika la wapiganaji, wale ambao Wameru waliwaita nthaka. Akipanda na kuingia uzeeni, mkono wake ulishika fimbo. Mzee anayekwenda kuketi na wenzake wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, hubeba fimbo, wala hakuna anayemuuliza silaha iko wapi. Ala nyekundu ilikuwa na mwanzo na mwisho katika maisha ya mtu. Ilitangaza kwa mara moja kwamba huyu ana chuma, na kwamba huyu ana zamu aliyopewa na watu wanaojulikana.

Lugha hiyo ya umbo ilivurugika miaka ya 1950. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na serikali ya kikoloni ikawafunga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja la makaratasini, KEM. Miongoni mwao ikaunda homgadi, walinzi wa vijiji walio upande wake. Mwanzoni wengi wao hawakupewa bunduki. Walilinda vituo kwa mikuki, pinde na sime. Walioingia msituni kuipinga serikali hiyo, wakiongozwa na watu kama Musa Mwariama na Baimungi M'Marete upande wa Meru na Kubukubu upande wa Embu, nao walibeba sime, mapanga, na bunduki zilizoundwa kwa mabomba ya maji. Tafakari hali hiyo kwa jicho la umbo. Sime ya muundo mmoja, pengine hata ya mhunzi mmoja, iko kiunoni mwa mtu aliye ndani ya kituo na iko kiunoni mwa mtu anayekivamia. Ala haikuweza tena kueleza mbebaji yuko zamu ya nani. Ndipo homgadi wakavishwa vitambaa mkononi ili wasipigwe risasi na waliowaajiri.

Kwa maoni yangu huo ndio mkato mkubwa katika historia ya silaha ya zamu mashariki ya mlima. Kazi ya kumtambulisha mbebaji ilitoka kwenye ala ikahamia kwenye kitambaa, na haijarudi hadi leo. Soja wa sasa anatambulishwa na sare, beji na kofia ya kampuni. Kisu chake, kama anacho, kimeachwa bila sauti.

Kwingine lugha ya ala iliendelea kusemwa. Wamaasai wanaolinda nyumba na hoteli Dar es Salaam na Zanzibar huvaa sime wazi, nyekundu juu ya shuka, na hata mgeni aliyeteremka jana kutoka Ulaya huelewa anachokiona. Watu wa Oman wameliweka jambia katikati ya tumbo, mahali ambapo haiwezekani kulificha, na tangu 1970 wamelichora kwenye bendera yao likiwa ndani ya ala. Kenya iliweka ngao na mikuki kwenye bendera yake mwaka 1963, sime haimo. Silaha ya pili ilibaki ya pili hata pale.

Sasa tuje kwenye kisu kidogo chenyewe. Karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru, nilimsikia mlinzi wa makamo akiagiza kwa fundi wa jua kali.

"Fundi, nitengenezee kisu kidogo cha kazi."

"Kazi gani, mzee?"

"Ya usiku."

Fundi akatikisa kichwa kuwa ameelewa, akaokota kipande cha springi ya gari. Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa, na laiti angelirudia. Usiku ni saa, si kazi. Kukata kamba ni kazi, kufungua gunia ni kazi, kumzuia mtu mwenye panga ni kazi nyingine kabisa, na kila moja inadai umbo lake.

Springi ni chuma kizuri. Ina kaboni ya kutosha kushika makali, ilikwisha kuzoea kupinda na kurudi, na haina bei ya kutisha. Tatizo lake ni unene. Fundi akikata kipande na kukinoa ukingoni tu, bila kukifua kiwe chembamba, mteja hupata kitu kizito kinachoonekana cha kiume lakini kinachopasua badala ya kukata. Ukikisukuma kwenye kamba ya katani kinakwama katikati. Kosa jingine linaonekana kwa macho, ukijua pa kutazama. Fundi mwenye haraka hunoa kwa mashine ya kusagia bila kukipoza kisu kwenye maji, na makali yakapata moto mpaka yakageuka buluu. Buluu hiyo ni nzuri kuitazama, hung'aa kama bawa la ndege, na wateja wengine hudhani ni alama ya ubora. Kumbe pale ugumu umekwisha kutoka. Kisu hicho kitanoleka leo na kuwa butu kesho kutwa. Geuza bapa juani kabla ya kulipa, na ukiona mstari wa buluu ukingoni, mrudishie.

Urefu ndio unaobishaniwa sana, na kwangu ni jambo dogo. Bapa la sentimita tisa au kumi, sawa na upana wa kiganja, linatosha kwa kila kazi halali ya soja. Likizidi hapo huanza kugusa paja akikaa na kuchoma kiti. Kinachostahili ubishi ni kama kisu kiwe cha kukunja au cha bapa lisilokunjwa. Mwenye kupendekeza cha kukunja hajakesha Kianjokoma mwezi wa Julai. Ukungu wa mlima unashuka, vidole vinakufa ganzi, na kile kigingi kidogo cha kufungulia bapa kinakuwa hakipatikani. Kisu kisichokunjwa hakina bawaba ya kuingia mchanga wala cha kufunguka chenyewe mfukoni. Kinakuja mkononi kizima. Hapo umbo rahisi limeshinda umbo la werevu, na sina la kuongeza.

Mpini ndipo kisu kidogo kinapoweza kuizidi sime. Msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini, ufike mwisho na ukazwe kwa ribiti. Msuka mfupi uliogandishwa kwa gundi hulegea msimu wa kwanza wa mvua. Mbele ya kidole cha shahada pawe na kikingio, hata nundu ndogo tu. Mafundi wengi wa Meru na Embu huviringisha mpini kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, na wenye kupenda urembo huwacheka. Mimi nauona ndio uamuzi bora wa kifani katika kazi yao yote. Mpira ukilowa haupotezi mshiko, haugandi mkononi kwa baridi, na ukichakaa hubadilishwa kwa shilingi chache. Ule udhaifu wa ngozi iliyolowa kwenye sime, mtu wa jua kali ameutibu bila kutangaza.

Weka kisu hicho kando ya kisu cha Mora, kinachotengenezwa katika mji wa jina hilo huko Uswidi na ambacho mabaharia, maseremala na wapanda milima wa nchi nyingi hukitumia. Bapa lake lina kama sentimita kumi, jembamba, la kukata kwelikweli. Msuka wake haufiki mwisho wa mpini, na wapenzi wa visu hawachoki kulalamikia hilo. Lakini tazama ala. Ni ya plastiki, na haishiki bapa hata kidogo. Inashika mpini, kisu kikizama unasikia kinanasa, na sehemu ya mpini imemezwa. Ni ufumbuzi ulio kinyume kabisa cha ule wa sime. Mhunzi wa Kimeru alibana chuma kwa vibao kwa kuwa mdomo haukuwa na cha kushika. Mswidi ameacha chuma kilegee ndani, akakamata mpini. Wote wawili walianza na swali moja: mtu akikimbia, akianguka, akipindukia mtaroni, kisu kitakuwa wapi? Fundi wa Gakoromone na mteja wake hawakuwa wameliuliza. Ala waliyokubaliana ilikuwa kipande cha ngozi kilichokunjwa na kushonwa pembeni kwa uzi wa nailoni, bila kibao, bila kifungo, na mshono uko pale pale makali yanapokaa. Mwezi mmoja wa kuchomoa na kurudisha utaukata uzi huo, na siku hiyo kisu kitamkata mwenyewe pajani. Panapokutana makali na mshono pangewekwa utepe mmoja zaidi wa ngozi, upana wa kidole, na tatizo lingekwisha.

Halafu kuna kabuti. Hili sijaona likijadiliwa na yeyote, nami nadhani ndilo linaloamua kila kitu. Nthaka alivaa sime juu ya vazi lake, kwa hiyo mkono, ala na jicho la mtazamaji vilikuwa upande mmoja. Soja wa usiku katika nchi ya baridi huvaa kabuti zito linalofika magotini, na mkanda wa suruali uko chini yake. Kisu kilicho kwenye mkanda huo kina makosa mawili kwa wakati mmoja. Hakipatikani, kwa kuwa lazima afungue vifungo vitatu vya kabuti ndipo akifikie. Na kimefichwa, ijapokuwa hakukusudia kukificha. Ndiyo sababu wengi huishia kukitia mfuko wa kabuti, kimefungwa gazeti. Hapo ala imefutwa kabisa, na kilichobaki ni chuma ndani ya karatasi.

Chuma ndani ya karatasi kina msomaji wake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 308, humtia hatiani mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa. Kifungo chake hakipungui miaka 7 wala hakizidi 15. Kifungu hicho hakitaji urefu wa bapa wala aina ya chuma. Kinamtaka hakimu aangalie mazingira, na mazingira ni umbo: kilikuwa wapi, kimevikwa nini, saa ngapi, na nani alijua kuwa kipo. Kisu kile kile cha springi, kikiwa ndani ya ala iliyo juu ya kabuti, kimeandikwa katika kitabu cha matukio (OB) cha kampuni pamoja na tochi na rungu, kwenye lango analolinda, ni chombo cha kazi. Kikiwa ndani ya gazeti mfukoni, mita mia mbili kutoka langoni, saa kumi alfajiri, mwenyewe akielekea steji, kina maelezo mengi ya kutoa. Sheria ya kusimamia ulinzi binafsi ya mwaka 2016 imemweka soja chini ya usajili na mafunzo, lakini haikumpa ngozi mpya. Akitoka zamu ni raia kama mwingine. Na kuhusu kujitetea, kifungu cha 17 cha Kanuni hiyo hiyo kinarudisha suala kwa misingi ya sheria ya Uingereza, ambayo huuliza kama nguvu ilikuwa ya lazima na kama ilikuwa ya kadiri. Kisu hujibu swali la kadiri vibaya sana. Ukilitoa bapa, umekwisha kupanda daraja ambalo rungu lingekuwezesha kusubiri chini yake.

Hapa nirudi kwenye ule upili wa sime. Ilikuwa na mkuki mbele yake. Soja aliyeagiza kisu cha usiku alitaka kidogo kile kiwe silaha ya kwanza, na umbo lake halikubali. Wezi wa makadamia na wa kahawa hawaji mmoja mmoja wala mikono mitupu. Wanakuja kundi, na mapanga, na gari limeegeshwa nje. Dhidi yao bapa la sentimita kumi humtaka soja asogee karibu mno na mtu mwenye chuma kirefu mara nne. Rungu lina urefu. Tochi kali ina umbali zaidi ya rungu, firimbi ina umbali zaidi ya tochi, na simu yenye salio na namba ya kituo cha polisi ina umbali kuliko vyote. Ukivipanga kwa mfuatano huo, kisu kinakaa mwisho wa mstari, na ningeshangaa sana kampuni ikianza kukipanga kwingine. Kampuni nyingi humkabidhi mtu rungu na kabuti, zikamwacha ajinunulie kilichobaki kutoka mshahara unaoumizwa hata na nauli. Ndiyo maana ananunua chuma cha bei ya chini, na tochi ya betri za kufa usiku wa manane.

Je, kisu hicho hakina kazi? Kinayo moja, na ni ya kujikinga hasa. Wizi wa kahawa katika viwanda vya vyama vya ushirika huko Embu na Meru hufuata mtindo mmoja ambao magazeti yamekwisha kuuzoea: kahawa iliyokaushwa iko stoo ikisubiri kupelekwa kinuni, kundi linaingia usiku, walinzi wanafungwa kamba mikono na miguu, magunia yanapakiwa, na asubuhi wafanyakazi wanawakuta chini. Adui aliye karibu na mwili wa soja saa hizo zote ni kamba. Kisu kinachofaa dhidi ya kamba ni kifupi, chembamba, chenye ncha butu isiyomchoma mwenyewe akipapasa, na kimewekwa mahali ambapo mkono uliofungwa nyuma unaweza kukifikia. Kile kikubwa cha mbele watakipora mara moja, pamoja na simu. Kidogo cha nyuma ya kiuno, ndani ya ala bapa iliyoshonwa kwenye mkanda wenyewe na kuandikwa kitabuni kama vifaa vingine, kina nafasi ya kubaki.

Umbo hilo ningelilipia. Fundi alifue bapa liwe jembamba kama la kisu cha kumenyea viazi, alipoze kwa maji kila anapolinoa, aache ncha butu, aviringishe mpira wa tyubu, kisha mzigo wote wa kazi auhamishie kwenye ala: vibao viwili, ngozi mbichi, utepe wa ziada mahali pa makali, na mlalo wa ubavu ili mtu akikaa kwenye kiti cha langoni kisu kisimsumbue mgongoni. Rangi yake iwe nyekundu kama mkuu wa zamu hana pingamizi. Nilipomweleza fundi wa Gakoromone kuhusu vibao alisema inawezekana, ila bei ya ala itapita ya kisu, na hajawahi kupata mteja wa kukubali hilo.